Kura zihesabiwe ubaoni

Ijumaa iliyopita tulihesabu kura mpaka jua likakaribia kuzama upande wa Kongo. Darasa la kidato cha pili A lilijaa mpaka madirishani. Watoto walikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, wengine wamesimama juu ya madawati ya nyuma, na nje kulikuwa na waliobebana mabegani ili wauone ubao. Binti wa kidato cha nne, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alikuwa akifungua karatasi moja moja, anaisoma kwa sauti, anaigeuza kuwaonyesha waliokaa mbele, kisha mwenzake anachora kijiti ubaoni. Vijiti vinne, cha tano kinavikata. Kila cha tano kilipokata, chumba kizima kiliguna.

Mimi nilikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Hiyo ndiyo kazi niliyojipa siku ile: mlezi wa serikali ya wanafunzi asiguse karatasi hata moja.

Nimekuwa nikiahidi kuandika habari hizi kwa muda mrefu. Wazazi hapa Kigoma wananisimamisha sokoni Mwanga, mmoja ana kikapu cha mboga mkononi, ananiuliza, "Mwalimu, mwanangu anasema yeye ni Liemba. Liemba gani tena, ile meli?" Ndiyo mama, ile meli. Leo nieleze vizuri, halafu nieleze na jambo lililonifanya niwe mkali hivi juu ya kuhesabu kura, maana wapo walimu wenzangu wanaoona nalikuza.

Shule yetu ni ya kutwa, yenye hosteli ndogo ya wasichana wanaotoka vijiji vya mwambao, kule ambako ukiikosa boti ya asubuhi unangoja ya kesho. Wanafunzi wote, wa hosteli na wa kutwa, tumewagawa katika nyumba nne. Majina waliyachagua wenyewe: Liemba, Gombe, Mahale na Malagarasi. Mtoto akiingia kidato cha kwanza anachota karatasi kwenye ungo, na jina atakaloliokota ndiyo nyumba yake mpaka amalize kidato cha nne. Hatugawi kwa alama, wala kwa mtaa, wala kwa dini. Mtoto wa Ujiji anajikuta na mtoto wa Gungu na mwingine aliyetoka Kasulu kuja kukaa kwa shangazi yake, na wote watatu wanafagia uwanja mmoja.

Kila nyumba ina mwalimu mlezi, kiranja wa kike na wa kiume, eneo lake la usafi, timu ya mpira wa miguu na ya netiboli, na alama zake kwenye ubao ulioko nje ya ofisi. Kuna alama za usafi, za mahudhurio, za michezo, za midahalo, na za majaribio ya kila mwezi. Jumatatu asubuhi, kabla ya wimbo wa taifa, zinasomwa.

Liemba ndio wenye sauti kuliko wote. Meli yao, ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuungwa hapa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikachukuliwa na adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina hili la Liemba. Watoto wamefanya historia hiyo kuwa mwitikio wao. Kiranja anaita, "Tulizama!" na wengine wanajibu, "Tukaibuka!" Mwaka jana walishika nafasi ya nne kati ya nyumba nne, na bado siku ya kufunga shule walitoka getini wakiitikia hivyo mpaka sauti zikapotea mteremkoni. Sijawahi kuona somo langu la Historia likikaa kichwani mwa mtoto vizuri namna ile.

Mpango wenyewe tuliurithi. Shule za bweni za Uingereza ndizo zilizokuwa zikiwaweka wavulana katika nyumba mbalimbali, kila nyumba na mwalimu wake, na wanafunzi wakubwa wakapewa mamlaka juu ya wadogo. Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia mwaka 1828, aliwategemea sana wanafunzi wake wa madarasa ya juu kutunza nidhamu, na shule nyingine zikafuata. Wakoloni walipouleta kwetu mpango huo uliingia katika udongo wa aina yake. Shule ya serikali ya Tabora ilikusudiwa kwanza kwa watoto wa machifu, na Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alikuwa na mpango wa kutawala kupitia machifu hao hao. Kwa hiyo kiranja wa wakati ule alikuwa chifu mdogo: anatazama juu kwa aliyemteua, halafu anawageukia wenzake kuwaamrisha.

Lakini neno kiranja ni la zamani kuliko shule hizo. Babu yangu wa Ujiji alikuwa akituambia kuwa kiranja ni wa jandoni, yule anayewatangulia wenzake kutahiriwa. Wengine wanamtazama yeye. Akilia, wote wanaogopa. Babu alinieleza hayo siku niliyomwandikia barua kutoka Tabora kumwambia nimefanywa kiranja, na barua yake ya kunijibu haikuwa na hongera hata moja. Iliuliza tu kama nimejiandaa.

Sikuwa nimejiandaa. Nitasimulia.

Nilichaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule moja ya bweni ya wasichana mkoani Tabora. Nilishuka kwenye treni usiku na tranka langu la bati, ndoo mbili na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Bweni letu liliitwa Sokoine. Tulikuwa wasichana 84, vitanda vya dabo deka, na nje miembe minne mikubwa iliyokuwa ndiyo sebule yetu, ndiyo saluni yetu, na wakati wa mtihani ndiyo maktaba. Kitanda cha juu yangu alilala binti wa Urambo. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kuuliza swali na kulinyamazia mpaka ajibiwe.

Muhula wa kwanza haujaisha, mwalimu wa zamu aliita jina langu paredi na kusema mimi ni kiranja wa chakula. Hakuna aliyekuwa amegombea. Kazi hiyo wasichana walikuwa wanaikimbia, kwa sababu ugali ukiwa mbichi unalaumiwa wewe na maharage yakiwa na wadudu unaonyeshwa wewe. Kila siku saa kumi jioni nilitakiwa kwenda stoo kushuhudia chakula cha kesho yake kikipimwa: unga, maharage, mafuta, sukari ya uji. Mzani ulikuwa wa kuning'iniza, umefungwa kwenye boriti. Mtunza stoo anapima, mpishi anapokea, mimi natia sahihi daftarini.

Siku ya kwanza tulipima. Ya pili tukapima. Juma la tatu mtunza stoo akaniambia nitie sahihi kwanza, wao watapima baadaye kwa sababu mpishi amechelewa. Nikatia. Kesho yake tena nikatia. Siku ya tatu niliinama kusaini nikaona kilo za sukari zilizoandikwa, nikakumbuka uji wa asubuhi ile ulivyokuwa, na kalamu ikanishinda. Nikasema nitangoja mpishi. Nilingoja mpaka giza. Mpishi hakuja, na mtunza stoo alifunga mlango akaniambia niwe mwangalifu, mimi ni mtoto wa watu.

Usiku ule nilimweleza yule wa kitanda cha juu. Nilikuwa nalia. Aliniuliza tu, "Utasema?" Nikanyamaza. Akaniuliza tena, nikasema naogopa.

Kwenye baraza la shule la mwezi ule, wanafunzi walipopewa nafasi ya kuuliza maswali, alisimama yeye. Alisalimia vizuri, akashukuru kwa dawa za malaria zilizoletwa zahanati, kisha akasema, "Tunaomba kujua sukari ya uji inapimwa saa ngapi, na mbele ya nani." Akabaki amesimama, kama kawaida yake. Sijui ni dakika moja au tatu. Upepo ulikuwa unaangusha maembe mabichi juu ya bati la bwalo, tunayasikia moja moja. Hakujibiwa. Aliambiwa akae.

Swali lile lilikuwa la kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari, na mimi ndiye niliyekuwa na wadhifa. Nimelibeba jambo hilo miaka yote hii, na naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Baadaye ukaja uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Binti wa Urambo alichukua fomu ya dada mkuu. Wapinzani wake walikuwa wawili. Kampeni zilikuwa nzuri, nyimbo usiku kucha, na siku ya kura tulipanga mstari bwaloni tukatumbukiza karatasi kwenye boksi la biskuti lililozibwa kwa gundi ya karatasi. Walimu wawili walilibeba boksi wakaenda nalo ofisini, mlango ukafungwa. Jioni paredi likatangazwa jina la mwingine. Halikutajwa hesabu yoyote. Msichana mmoja wa kidato cha sita alinyoosha mkono akauliza kila mgombea amepata kura ngapi, akapigishwa magoti pale pale kwenye changarawe.

Bwenini kwetu tuliulizana kitanda kwa kitanda. Katika wale 84, waliosema wamempa binti wa Urambo walizidi 70. Labda mabweni mengine yalipiga tofauti. Labda. Hatukupewa njia ya kujua.

Ninachotaka kukieleza hasa ni kilichomtokea yule aliyetangazwa, maana huyo hakuna aliyemhurumia. Alikuwa msichana mpole, mwenye sauti nzuri ya kwaya, hakuwa na kosa lolote. Juma la kwanza alipiga kengele ya prepu na mabweni mawili hayakuinuka. Wakampa jina, Dada wa Ofisini. Akipita bwaloni vijiko vinagongwa kwenye sahani. Alipoandika majina ya wachelewaji, daftari lilipotea. Akaanza kuwategemea walimu kwa kila jambo, hata kwa foleni ya maji, na kila alipomwita mwalimu lile jina la Ofisini lilizidi kumganda.

Usiku mmoja nilikwenda mabombani kujaza ndoo, nikamkuta amechuchumaa peke yake gizani, anaosha uso. Nilitaka kupita. Akanishika kanga akaniambia, "Dada, na mimi mwenyewe sijui nilipata kura ngapi."

Naikumbuka sauti yake ilivyokuwa. Huenda alishinda kweli! Huenda kwaya nzima na mabweni ya upande wa pili yalimpa yeye. Aliyelifunga boksi lile ofisini alimnyang'anya binti wa Urambo ushindi, au alimnyang'anya huyu ushahidi wa ushindi wake. Mpaka leo hatujui ni lipi kati ya hayo mawili.

Ndiyo maana nilipokuja kufundisha hapa Kigoma na mkuu wa shule akanipa ulezi wa serikali ya wanafunzi, nilimwomba jambo moja, kura zihesabiwe darasani, mbele ya waliopiga. Kiranja wa shule hana mshahara. Fimbo pia hana, na hatakiwi kuwa nayo: kwa kanuni za mwaka 2002 adhabu ya viboko ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na haizidi viboko vinne. Mtoto wa miaka kumi na sita anaposimama mbele ya wenzake 400 akawaambia wanyamaze, nguvu aliyo nayo ni kwamba waliviona vijiti vyake vikichorwa.

Katika mjadala wa walimu nilitoa mfano ambao kila mtu mle ndani anaujua nusu. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937. Hakuwa mtu wa michezo, lakini kwenye midahalo alikuwa moto, na alisaidia kuanzisha skauti pale. Waliosimulia maisha yake wanasema walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa sababu alimwona mwema mno kwa kazi hiyo. Nusu hiyo ya pili wengi hawaijui. Mzungu yule alikuwa akitafuta mtu wa kuwakaripia wenzake, na kwa kipimo hicho hakukosea. Kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa kibaya, na bado tunakitumia kila tunapokaa ofisini kuchuja majina ya watoto huku tukisema huyu mkali, huyu laini, huyu anauliza sana.

Mwaka huu mchujo ulitukalia tena. Walirudisha fomu wasichana wawili kwa nafasi ya dada mkuu. Mmoja ni wa Gombe, mwenye alama nzuri, mtoto wa hosteli. Wa pili ni wa Malagarasi, anakaa Kibirizi, na mama yake anaanika dagaa. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wanaingia ziwani na karabai na taa zao, na alfajiri dagaa wanashushwa. Binti huyu anakuwa ufukweni saa kumi na moja anamsaidia mama kutandaza, halafu anapanda mlima kuja shule. Siku kumi na kitu za kila mwezi anachelewa kipindi cha kwanza. Mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, akasema mchelewaji hawezi kuwa dada mkuu, jina likatwe.

Nikajibu kwamba katiba ya serikali ya wanafunzi tuliyoiandika na watoto ina masharti manne na kuchelewa hakumo. Tukitaka kumkata tuandike sababu hiyo kwenye ubao wa matangazo, na sisi tutie sahihi chini yake. Ofisi ikawa kimya. Mkuu wa shule akatazama daftari la mahudhurio, akaona kwamba hajakosa siku hata moja tangu Januari. Anachelewa, lakini anakuja. Jina likabaki.

Kampeni zilichukua siku tatu, saa ya mapumziko. Mgombea wa kaka mkuu mmoja aliahidi wali kila Jumatano badala ya ugali na maharage, na kitoto cha kidato cha kwanza, kidogo kiasi kwamba shati limefika magotini, kikauliza, "Kaka, hela inatoka wapi?" Mgombea akajikanyaga, na nadhani pale pale ndipo kura zake zilipopungua. Binti wa Gombe alizungumzia mazoezi ya kujisomea kwa vikundi vya nyumba, nyumba iliyo na alama nzuri za Hesabu ikae na iliyo dhaifu. Binti wa Kibirizi alizungumzia maji tu. Tuna simtanki moja na mabomba matatu. Saa nne kengele ikilia, kidato cha nne wanafika kwanza kwa sababu miguu yao ni mirefu, na wadogo wanarudi darasani na kiu. Alichora ratiba kwenye karatasi ya manila: kila juma nyumba moja inaanza, na ndani ya nyumba anaanza kidato cha kwanza. Alisema maneno yasiyofika dakika mbili akakaa.

Sanduku la kura tulilolitumia lina habari yake. Binti wa Urambo, sasa ni mama wa watoto watatu, ni mwenyekiti wa kikundi cha vikoba, cha kuweka akiba na kukopeshana, huko huko kwao. Wale wanaojua vikoba wanajua sanduku lao: la chuma, kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, hivyo haliwezi kufunguliwa kikundi hakijakaa. Hela inahesabiwa katikati ya duara, kila mtu anaona. Aliponieleza miaka miwili iliyopita, nilikwenda kwa fundi wa Mwanga nikatengenezewa la aina hiyo hiyo, na tundu juu. Funguo moja inashikwa na mwenyekiti wa tume, na mbili na mawakala wa wagombea.

Kila mwanafunzi alipewa karatasi tatu, ya dada mkuu, ya kaka mkuu na ya viranja wa nyumba yake. Wa kidato cha pili walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza somo la uchaguzi wa kura tatu, ule ambao mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua kushiriki, na mpiga kura akalazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa mpigo. Mmoja akaniuliza kama na sisi tumewekewa sharti hilo. Nikamwambia hapana mwanangu, hapa ukitaka kuiacha moja wazi, iache.

Kura za nyumba zilihesabiwa kila nyumba na chumba chake, zikaisha mapema. Ya kaka mkuu ilikuwa ya upande mmoja, nayo ikaisha. Ya dada mkuu ndiyo iliyotukalisha. Vijiti vilikwenda sambamba, safu ya Gombe na safu ya Malagarasi, mpaka wale wa dirishani wakaacha kupiga kelele, wanahesabu kwa midomo tu.

Katikati ikatokea karatasi iliyokuwa na alama ya vema nje ya kisanduku, kwenye ukingo, mbele ya jina la binti wa Kibirizi. Wakala wa Gombe akasema imeharibika. Wa Malagarasi akasema haijaharibika, jina linaonekana. Mwenyekiti wa tume akanitazama. Nilitamani kusema. Nikatazama mikono yangu. Akageuka, akafungua katiba, akasoma kwa sauti kifungu kinachosema kura ni halali ikiwa nia ya mpigaji inaonekana. Akaipitisha ile karatasi kwa mawakala wote wawili, kisha kwa watoto wa dawati la mbele, ikashikwa na mikono kama kumi. "Nia inaonekana?" Wakaitikia inaonekana, hata wa Gombe. Kijiti kikachorwa.

Mwisho wake: 207 kwa 198, zilizoharibika 7, jumla 412, sawasawa na waliosaini daftari. Binti wa Gombe ameshinda.

Kukawa na kimya. Binti wa Kibirizi akainuka kutoka dawati la tatu, akaenda mpaka ubaoni. Nilidhani anakwenda kumpongeza mwenzake. Hapana, alisimama mbele ya ubao akaanza kuhesabu upya, kidole kikigusa kila fungu la tano bila kuligusa kabisa, safu yake kwanza, kisha ya mwenzake. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika mwisho akageuka, akasema, "Ni sawa," ndipo akampa mkono. Malagarasi walipiga makofi kabla ya Gombe.

Jumatatu alichelewa, kama nilivyotarajia, maana mwezi ulikuwa haupo. Alipofika na magamba ya samaki bado yanang'aa kwenye mikono, dada mkuu mpya alikuwa anamngoja chini ya mwarobaini na ile manila ya ratiba ya maji. Wameanza kuitumia tangu jana. Wiki hii inaanza Mahale.

Ule ubao haujafutwa. Monita wa kidato cha pili A amekataa, na mwalimu wa Hesabu ameandika milinganyo yake pembeni, kwenye nafasi iliyobaki. Niliupiga picha nikamtumia mwenzangu Urambo kwa WhatsApp. Alikaa muda mrefu bila kujibu, alama za kusomwa zimeshakuwa za buluu. Kisha akaandika, "Waliochora ni wanafunzi wenyewe?"

Nikamjibu ndiyo.

Akaandika, "Na yule aliyeshindwa, alikuwepo?"